Bibi Fomu Hakuhudhuria

Jumatatu, 8 Juni

Daftari, niwie radhi. Miezi kumi na minne ya ukimya si adabu, hasa kwa mtu wa umri wangu. Nimefungua ukurasa wa mwisho niliouandika nikakuta sentensi moja tu: "Kuanzia leo nitaandika kila siku, bila kukosa." Sentensi nzuri. Nukta imekaa mahali pake. Sina cha kusahihisha.

Nimerudi kwa sababu nina jambo zito. Kurasa mbili. Mama mwenye jengo, anayekaa ghorofa ya juu kabisa, alinipa fomu mwishoni mwa Machi. Je, ninataka kuendelea na vyumba vyangu kwa miaka mitano mingine, ndiyo au hapana? Niorodheshe vitu vyote nilivyovifunga sakafuni na ukutani. Niweke sahihi. Basi! Kazi ya dakika ishirini. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 19, saa kumi alasiri. Saa hiyo ikinipita, vyumba vyangu viwili, ambamo nimeng'oa na kuziba meno ya mji huu kwa miaka ishirini na miwili, vinakwenda kwa Miwani.

Miwani ni mpima macho wa mlango wa pili. Umri wake arobaini, viatu vyake vinang'aa. Kila asubuhi huniamkia "Shikamoo mzee!" kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ili wagonjwa wangu wakumbuke kwamba mikono yangu nayo ina umri. Anataka kubomoa ukuta ulio kati yetu apate nafasi ya kupanga fremu. Fremu!

Leo niliazimia kuijaza. Saa tatu kamili niliketi. Mezani hapakuwa na nafasi. Palikuwa na seti arobaini na tatu za meno ya plasta, vielelezo vya vinywa vya wagonjwa wangu. Mtu hawezi kuandika jambo la maana huku anakenuliwa na vinywa arobaini na vitatu. Nikavipanga kabatini kwa umri wa wenyewe. Nikaona si haki kwa wanawake. Nikavipanga upya kwa ukubwa wa mapengo. Saa kumi nimemaliza. Meza inang'aa. Fomu imehama kutoka kushoto kwenda kulia. Hayo ni maendeleo, na mtu asibishe.

Jumanne, 9 Juni

Ugunduzi! Nimeupata nikiwa nimeshika koleo.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wahenga hawakuwa na kitabu cha miadi. Katika miaka ishirini na miwili sijawahi kumkosa mgonjwa aliyeandikwa kitabuni mwangu. Nimekuja na homa. Nimekuja siku ya harusi yangu ya pili, ambayo ilikuwa na mke yuleyule, kwa hiyo alivumilia. Ninachoahirisha ni karatasi tu. Basi karatasi na iwe mgonjwa.

Nimeifungulia kadi. Jina: Bibi Fomu. Umri: miezi miwili na nusu. Anakotoka: ghorofa ya juu. Malalamiko: yu mtupu. Nimemtia katika bahasha ya kaki kama wenzake na kumkabidhi kwa mpokezi.

Mpokezi wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Siwezi kumfukuza kazini bila mimi mwenyewe kufukuzwa nyumbani. Kabla ya hapa alikuwa karani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa. Kwake, kilichoandikwa kimeandikwa. Akaniuliza, uso mkavu, kama Bibi Fomu atasukutua kwanza. Nikamwambia amshughulikie kama mgonjwa mwingine yeyote. Akauliza: kwa kanuni zote? Nikasema zote. Akauliza: hata ya saba? Nikamwambia, shemeji, nimesema zote, mimi si mtu wa kubagua kanuni nilizozitunga mwenyewe.

Kanuni ya saba imebandikwa ukutani, juu ya benchi la kusubiria. Mgonjwa akikosa miadi mara tatu, faili lake hufungwa, na karatasi zake hurudishwa kwa aliyemleta, pamoja na barua. Barua hiyo ni fahari yangu. Mwaka juzi nilitia sahihi na mhuri nakala hamsini kwa mchana mmoja, zikae tayari. Asitokee mtu akasema sijui kuitangulia kazi.

Miadi ya Bibi Fomu ni kesho, saa kumi alasiri. Nimejisikia vizuri hata nikaondoka mapema.

Jumatano, 10 Juni

Hujuma!

Saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa nimenawa mikono. Nikasikia kitu kinakwaruza ukutani, upande wa nje. Nikatoka. Nikamkuta Miwani na futi kamba, anapima ukuta wangu! Nikamuuliza anapima nini. Akasema anapima tu, mzee wangu, kupima si kubomoa. Nikamwambia ukuta huo una mwenyewe. Akasema anajua, ndiyo maana anaupima kwa adabu. Kisha akaniuliza kama ninaziona namba za futi kamba, au nipite kwake bure anipime.

Hapo nikasahau umri wangu. Nikamwambia mtu anaweza kula bila macho, lakini hawezi kula bila meno. Akajibu kwamba kuna uji. Nikamwambia vipofu wanaishi. Akasema na vibogoyo pia, tena wanachekesha. Wagonjwa wake wawili na wangu mmoja walikuwa wametoka nje kusikiliza. Wangu alicheka upande wa Miwani. Nitamkumbuka kwenye kiti.

Niliporudi ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Shemeji alikuwa ameshaandika kitabuni: "Bibi Fomu. Hakuhudhuria." Nikapinga. Nikasema mgonjwa alikuwapo tangu asubuhi, daktari ndiye aliyekosekana. Akanionyesha kitabu. Hakina safu ya daktari kukosekana. Nani alikichora kitabu? Mimi. Akasema hiyo ni ya kwanza, shemeji, na akafunga kalamu.

Miadi mpya ni Ijumaa.

Alhamisi, 11 Juni

Leo hapana miadi, kwa hiyo nimetumia akili. Nimefikiri hivi: mimi ni mtu ninayeogopa aibu. Nikimwambia mtu kwamba fomu nimeshairudisha, nitalazimika kuirudisha ili nisiwe mwongo. Uongo wenye lengo la ukweli si uongo. Ni ukweli uliotangulizwa.

Nikamwambia mke wangu wakati wa chakula cha mchana. Nikamwambia kwa kawaida tu, huku ninajipakulia: ile fomu ya mama wa jengo nimeshaipeleka.

Daftari, sikujua kwamba mwanamke huyu amekuwa akiibeba fomu hiyo kifuani miezi yote hiyo. Aliweka kijiko chini. Akasema: "Kweli, baba watoto?" Akasema alikuwa hapati usingizi akifikiria kile kiti chetu kinang'olewa. Akanishika bega. Akanipa kipande chake cha nyama.

Nilitazamia aibu. Niliona raha. Nimetembea mchana kutwa kama mtu aliyerudisha fomu. Kazi imekwisha, sifa nimepewa, nyama nimekula. Kilichobaki ni fomu yenyewe tu.

Ijumaa, 12 Juni

Saa kumi. Nimehudhuria! Bibi Fomu amehudhuria! Shemeji ametuingiza wote wawili na kufunga mlango. Nimeketi. Nimevaa glavu kwa mazoea, nimevua.

Swali la kwanza, jina. Kabla ya jina nikatupia macho swali la mwisho, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. "Orodhesha vitu vyote vilivyofungwa sakafuni na ukutani." Vyote! Mwenye kuandika neno "vyote" hajui anaomba nini. Kiti cha matibabu kimefungwa kwa parafujo nane. Je, ni kitu kimoja au vitu tisa? Na kama parafujo ni sehemu ya kiti, mbona ziko sakafuni? Sikutaka kuandika uongo katika karatasi rasmi. Nikapiga magoti nihesabu. Nane zikawa saba. Moja haipo! Kwa miaka ishirini na miwili mji mzima umeketi juu ya parafujo saba.

Nikaitafuta. Nikaingia chini ya sinki. Huko nikakuta mabano mawili ya bomba niliyoyafunga mwenyewe na kuyasahau. Nikakuta pia koleo dogo nililomtuhumu msaidizi wangu wa zamani kuliiba, hadi akaacha kazi. Nikalirudisha kabatini kimya kimya. Maskini.

Nikiwa bado huko, shemeji akafungua mlango. Aliona miguu yangu tu. Akaniarifu kwamba ni saa kumi na moja, tunafunga, na mgonjwa bado yu juu ya bahasha yake, hajaguswa kwa kalamu. Nikasema nilikuwa ninamtayarishia mazingira. Akasema kitabuni kuna maneno mawili tu, alihudhuria au hakuhudhuria, na mgonjwa ambaye hakuketi kitini hakuhudhuria.

Ya pili hiyo, akasema. Kisha akauliza kwa upole, jambo ambalo halipendi, kama ningependa aijaze yeye, mimi niweke sahihi tu. Atatumia robo saa. Nikamshukuru. Nikamwambia kazi ya mwenye kliniki haifanywi na mpokezi.

Jumanne, 16 Juni

Jana sikuandika. Nilikuwa ninakusanya nguvu kwa ajili ya leo.

Adui yangu ni mlango. Nimeligundua hilo wikiendi nzima nikiwa nimelala kwenye kochi. Kila mlango ukiwa wazi, mimi hutoka. Kwa hiyo leo, saa nane, nimemwita shemeji nikampa amri rasmi: anifungie katika chumba cha eksirei. Hakina dirisha. Hakina simu. Kina stuli na meza ndogo. Aniache humo hadi saa kumi na moja, na asinifungulie kwa sababu yoyote, hata nikibembeleza, hata nikitishia. Akaniomba niandike. Nikaandika, nikatia sahihi. Akafunga, nikasikia ufunguo unazunguka mara mbili. Raha iliyoje! Mtu mzima aliyejitambua!

Nikaketi. Nikatoa kalamu. Nikanyoosha mkono nichukue bahasha.

Bahasha ilikuwa kabatini, mapokezi.

Nikagonga. Kwa ustaarabu kwanza. Shemeji akauliza kupitia mlangoni kama huko ni kubembeleza au kutishia. Nikasema si lolote kati ya hayo, ni taarifa. Akasema taarifa haimo katika amri, ila maneno "kwa sababu yoyote" yamo. Nikamwambia mgonjwa wangu yuko huko nje! Akasema anajua, anamwona. Nikamwomba aipitishe bahasha chini ya mlango. Mlango wa chumba cha eksirei, daftari, umezibwa kwa bamba la risasi, la kuzuia mionzi, hadi sakafuni. Niliuziba vizuri sana mimi.

Nikatishia. Akanijibu kwamba mahakamani amewahi kutishiwa na watu waliohukumiwa kunyongwa, na hakutetereka.

Baridi ikanishika. Nikajifunika aproni nzito ya risasi tunayowavalisha wagonjwa. Ni nzito kama mkono wa mama. Nikalala usingizi ambao sijaupata tangu ujana wangu. Saa kumi na moja ufunguo ukazunguka. Shemeji alikuwa amesimama na kitabu. Sikuhitaji kukisoma.

Akasema: "Ya tatu, Daktari." Hakusema shemeji. Nilikuwa na usingizi, sikulitilia maanani.

Jumatano, 17 Juni

Siku njema isiyo na kifani. Wagonjwa sita, hapana aliyelia. Nimefungua kabati la mapokezi mara mbili na sikulifunga kwa haraka kama siku zote. Kila kitu chepesi. Nadhani usingizi wa jana umenitibu. Fomu nitaijaza kesho asubuhi, mikono ikiwa imepoa.

Jioni nimetunga wasia mfupi kwa wenye shughuli zao binafsi, juu ya kuacha kuahirisha mambo. Hoja ya kwanza imekaa vizuri. Ya pili nitaiandika nikipata nafasi.

Alhamisi, 18 Juni

Maji yamezidi unga.

Saa mbili na nusu nimefungua kabati. Bibi Fomu hayupo. Nimetafuta kwenye F. Nimetafuta kwenye B. Nimemuuliza shemeji. Akasema faili limefungwa jana na karatasi zimerudishwa kwa aliyezileta, kwa mujibu wa kanuni ya saba. Alizipandisha mwenyewe juu, saa sita, akaziweka mkononi mwa mama mwenye jengo. Pamoja na barua.

Nikauliza barua gani. Nilijua barua gani.

Akanipa nakala. Ninainakili hapa neno kwa neno: "Mpendwa, kwa kuwa hukuhudhuria mara tatu mfululizo, tunachukulia kwamba huhitaji tena huduma zetu. Nafasi yako tumempa mwingine. Tunakutakia kila la heri na meno imara kokote uendako." Sahihi yangu. Mhuri wangu. Vyote vya mwaka juzi, vyote viko wazi kabisa.

Nikapiga kelele. Nikamwambia alijua! Hakukana. Alisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Alisema aliniuliza kuhusu ya saba mara moja, akanihesabia miadi mara tatu, na akajitolea kuijaza mara moja. Hizo ni mara tano, na mahakamani mtu huonywa mara moja tu. Kisha sauti yake ikapungua. Akasema, shemeji, panda juu sasa hivi. Ngazi ni thelathini na mbili. Mwambie ilikuwa kosa. Mgonjwa wa saa tatu nitamzuia.

Shauri zuri. Nikafika hadi ngazi ya sita. Hapo nikatambua kwamba sina la kusema. Mtu wa heshima hapandi juu mikono mitupu akababaika mbele ya mama wa miaka themanini. Hupeleka maelezo ya maandishi. Nikarudi chini kuyaandika.

Nimeandika rasimu kumi na moja. "Mama mpendwa" ni kujipendekeza. "Mheshimiwa" ni ubaridi. "Mama" peke yake kama vile nina njaa. Hadi saa kumi na moja nilikuwa nimebaki na salamu mbili zilizo sawa kwa nguvu.

Nilipotoka, Miwani alikuwa mlangoni kwake. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama lile sinki langu linatoa maji vizuri au linahitaji fundi.

Ijumaa, 19 Juni

Ninaandika kwa utaratibu, ili kumbukumbu ibaki sahihi.

Saa tisa na dakika kumi nilipanda. Bila barua. Shemeji alinisukuma mgongoni hadi ngazi ya kumi, na kazi iliyobaki niliifanya mwenyewe.

Mama alikuwa ameketi mezani, barua yangu mbele yake. Hakunikaribisha. Aliniuliza yeye amekosa miadi lini. Alisema ameisoma mara tatu na hakuamini; siku ya kwanza alidhani ni makosa ya karani. Lakini jana alikutana na mke wangu kwa fundi cherehani. Mke wangu akamshukuru na kumwambia kwamba mume wake ameshaleta jibu lake na sasa ana amani moyoni. Basi akaamini. Kumbe hilo ndilo jibu! Miaka ishirini na miwili, kisha "kila la heri kokote uendako"! Na yeye aende wapi, katika jengo lake mwenyewe?

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alitia vidole mdomoni, akavua meno ya bandia, ya juu na ya chini, niliyomtengenezea mimi kwa mikono hii, akayaweka kwenye kisahani mbele yangu. Akasema kama amefutwa orodhani, basi nichukue mali yangu.

Nikaanza kueleza. Bibi Fomu, kadi, parafujo ya nane, aproni ya risasi. Daftari, mambo hayo ndani ya kichwa changu yamenyooka kabisa. Yakitoka mdomoni yanapinda. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Bila meno midomo yake ilikuwa imeingia ndani, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika meza. Akasema: "Mwanangu, kumbe wewe si mbaya, wewe ni mjinga tu." Wengine wangeona ni tusi. Mimi niliona mlango.

Akatoa fomu yangu ndani ya bahasha, akanisogezea kalamu. Akasema nikae hapo hapo, mbele yake, nijaze. Mpima macho ameshaleta maombi yake, lakini saa kumi bado, na yeye neno lake ni saa kumi.

Nikajaza. Ndiyo. Miaka mitano. Kiti kimoja, sinki moja, taa moja, makabati mawili, mabano mawili. Sahihi. Nilitazama saa ya ukutani: dakika saba! Dakika saba, daftari! Nikaona mwili mzima unaniwasha kwa furaha. Mama akanyoosha mkono aipokee.

Nikasema bado mhuri.

Akasema fomu haidai mhuri, sahihi inatosha. Nikamwambia, mama, karatasi ya kliniki isiyo na mhuri ni kama taji la jino lisilo na gundi. Akasema hajauomba. Nikasema ndiyo maana utakuwa heshima. Akayarudisha meno yake mdomoni, pole pole, akasema: nenda basi, ila mimi ninaangalia saa.

Saa tisa na nusu nilikuwa mezani kwangu. Muda tele. Nikajaribu mhuri kwenye karatasi chakavu. Fedheha! Herufi zilikuwa zimejaa wino mkavu wa miaka, "Daktari" inasomeka kama madoa ya embe. Siwezi kuweka uchafu huo juu ya kazi yangu bora ya mwaka. Nikachukua kwanguo, lile la kuondolea ukoga wa meno. Nikawasha taa ya kiti. Nikaweka mhuri kwenye trei, nikaanza na herufi ya kwanza.

Nitasema ukweli: sijapata kufanya kazi nzuri kama ile. Ukoga ulibanduka kwa vipande. Nikasafisha kati ya herufi kwa uzi. Nikapiga brashi. Mara moja shemeji aligonga akasema saa kumi kasoro dakika kumi, Daktari. Nikamjibu niko kwenye T. Akagonga tena. Nikamwambia asimkatize mtu aliye ndani ya matibabu.

Nilipougonga mhuri, ulikuwa mweusi, mkali, kila herufi na kivuli chake. Saa kumi na dakika thelathini na tano.

Kwenye ngazi nilikutana na Miwani anashuka. Alisema "Shikamoo, mzee." Kwa sauti ya chini, bila kutazama barabarani. Hapo ndipo nilipojua.

Mama aliipokea fomu yangu kwa mikono miwili. Alisema alisubiri hadi kumi na robo, na robo ile aliitoa kwa ajili ya mke wangu, si kwangu. Akautazama mhuri, akausogeza karibu na dirisha. Akasema ni mhuri mzuri sana.

Jumatatu, 22 Juni

Nyundo zimeanza saa mbili. Nilikuwa nimeweka vidole kinywani mwa mwalimu mmoja ukuta uliporuka. Aliniuma. Sikumlaumu.

Nyumbani si pazuri. Mke wangu hajaniuliza kitu tangu Ijumaa. Anapakua chakula, anaketi, anakula kipande chake cha nyama chote. Shemeji ameniarifu kwamba Miwani amemwomba akamsaidie mapokezi asubuhi. Nikamuuliza amemjibu nini. Akasema amemjibu papo hapo. Hakuniambia jibu lenyewe, nami sikupenda kuonekana ninachungulia.

Nimefanya tathmini ya haki ya wiki zote mbili. Kosa halikuwa la kuahirisha. Fomu niliijaza kwa dakika saba, jambo ambalo hakuna anayelitaja! Kosa lilikuwa la wino. Nimeagiza wino mwepesi zaidi. Kuhusu hoja za wasia wangu kwa wenye shughuli binafsi, naona sasa nina uzoefu wa kutosha kuandika kitabu kizima. Nimechora jalada.

Jambo moja limebaki. Mama mwenye jengo ana huruma kuliko nilivyodhani. Asubuhi ameniteremshia kikaratasi: kuna chumba cha nyuma, chini, kilichokuwa stoo. Kina maji, kina dirisha moja, kiti kinaweza kuingia kikipita kwa ubavu. Nikikitaka niandike "Nakubali". Nisipokitaka niandike "Sikubali". Neno moja tu, akalipigia mstari. Mwisho Ijumaa, saa kumi. Mpima macho, ameongeza, ameulizia stoo.

Shemeji alisimama mbele yangu na kalamu imefunguliwa. Akasema niandike sasa hivi, yeye yuko tayari kupanda nalo. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Hili si jambo la kurukia. Kila neno lina herufi nane, kwa hiyo urefu hausaidii kuamua. Inabidi nikione chumba wakati wa jua la asubuhi, kisha la mchana, kisha siku ya mawingu. Inabidi nipime mlango, nitafute fundi wa kuthibitisha vipimo vyangu, kisha mwingine wa kumthibitisha fundi. Ijumaa ni mbali. Jumanne nzima haijaguswa.

Nikishachagua neno, daftari, nitalileta hapa kwako kabla ya kulipeleka kwa mtu yeyote. Kwa penseli.